Amabel Ni Binti wa Nani?

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimegunduliwa! Miaka yote nimekaa na kipaji ndani ya sare ya ulinzi na hakuna aliyekiona. Amekiona Madam Rosalind wa ghorofa ya kumi na mbili, wakati wa chai, pale pale mapokezini.

Ilikuwa hivi. Madam ni Mwingereza, mjane, anaishi hapa Marina, Dubai, na mwanawe mhandisi ambaye hakai nyumbani. Alishuka na karatasi iliyoviringishwa kama mkeka. Akaniomba nimshikie upande mmoja. Nikashika. Akarudi nyuma, akarudi tena, mgongo wake ukagusa mlango na karatasi bado haijaisha. Ukoo wake mzima! Majina juu ya majina, mistari, alama za kuuliza. Juu kabisa, miaka mia nane nyuma, wamekaa mabwana wa mashamba wa Uingereza, wenye mapanga na ngome na watu wa kuwalimia. Huko juu ndiko alama za kuuliza zimejaa. Madam hajui nani alimzaa nani. Akina Roger ni wawili, akina Walter ni watatu, na hakuna aliye hai wa kuulizwa.

Akataka kujua sisi kwetu Kenya tunajuaje watu wetu. Nikamwambia hatuandiki, tunabeba kichwani. Mtoto wa Kimaragoli hutaja babu saba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akaniomba nitaje. Nikataja. Wawili wa kwanza ni wa kweli. Waliobaki walikuja wenyewe, tena kwa mpangilio mzuri. Madam akashika kifua, akasema mimi ni mtaalamu wa nasaba wa kuzaliwa. Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa na sioni kosa lake.

Baadaye Fridah wangu akapiga simu. Baba yake mdogo, Mzee Elphas, mwenye ofisi ya kargo kule Deira, amesema khalas, basi, chai niliyokunywa na Fridah imetosha. Nifike Ijumaa ya wiki ijayo nijitambulishe. Nije na mzee wa kunisemea. Nitaje watu wangu, wa baba na wa mama, ijulikane wazi kwamba mimi na Fridah si ndugu. Jumapili inayofuata anasafiri nyumbani, na atakachokibeba kinywani ndicho wazazi wa Fridah watakachokisikia. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nimekwisha.

Nampenda Fridah. Naandika hapa kwa sababu chumba chetu cha Karama kimejaa wanaume na yeyote akinisikia atacheka mpaka mwezi uishe. Nampenda, na sitakubali kumkosa kwa ajili ya babu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetatua fumbo la miaka mia nane! Kabla ya chakula cha mchana!

Madam alishuka na picha ya hati kuukuu ya Kilatini na tafsiri yake. Inasema hivi: Roger, bwana wa Ottlebury, amempa Walter wa Marsh kinu cha kusagia kinachoendeshwa na maji, na shamba lililo chini ya kilima, kwa ajili ya ndoa ya Amabel binti wa... Basi. Hapo panya wamekula. Huyo Amabel ndiye mama wa mababu wote wa Madam. Lakini alikuwa binti wa nani, wa Roger au wa Walter? Madam ameumwa kichwa mwaka mzima.

Mimi nilihitaji muda wa kumeza mate tu. Nikamwuliza: nani katoa mali? Roger. Nani kapokea? Walter. Sasa kuna nini tena cha kuuliza? Anayetoa mali ni upande wa bwana harusi, anayepokea ni baba wa binti. Hiyo ni mahari! Wengine hutoa ng'ombe, Roger alitoa kinu. Amabel ni binti wa Walter, akaolewa na kijana wa Roger, mchezo umekwisha. Wale panya hata wangekula hati nzima ningejua.

Madam akaitazama hati upya. Akasema hajawahi kulitazama jambo kwa upande huo. Kwa hesabu yangu, yeye sasa anashuka kwa Roger mwenyewe, bwana wa ngome, kupitia mtoto wa kiume. Akapanda lifti mashavu yamemwiva. Kuna chama huko kwao, Chama cha Wazawa wa Ottlebury, ambacho amekuwa akiogopa kukiandikia. Anakiandikia leo leo, na jina langu litatajwa!

Ndipo mpango ukaniingia kichwani, mzima, kama mtu kaniwekea mezani. Nani atanisemea kwa Mzee Elphas? Wazee wangu wako Vihiga. Hapa nina Nick na Yowasi. Nick, mlinzi mwenzangu, amekwisha jitolea. Hapana, asante. Nick anaongea Kiingereza cha kwenye runinga na akimwona Fridah hunyoosha kola. Yowasi tunalala naye chumba kimoja, ni mpishi kutoka Mbale ya Uganda, mtu mwema sana, ila akikalishwa kwenye kiti husinzia. Lakini Madam! Mvi, miwani, ukoo wa miaka mia nane chini ya kwapa! Nani atathubutu kumhoji kijana aliyeletwa na mzee wa aina hiyo?

Sijamwambia bado. Kwanza anione kuwa sina mfano.

Alhamisi, 6 Novemba

Maafa.

Tulikuwa tumeutandaza ukoo wote sakafuni, mimi na Madam tumepiga magoti, tukitafuta mahali alipozikwa Walter wa pili. Mleta chakula akaingia mbio na mfuko wa piza, akawakanyaga wote waliokufa kwa tauni. Maskini, kana kwamba hawakuteseka vya kutosha. Nyuma yake akaingia Sir Raed, msimamizi wetu. Akamtazama Madam kwa heshima. Akanitazama mimi bila heshima. Akasema yalla, haraka, Fanuel, kuanzia sasa chini, maegesho ya magari.

Na mapokezini nani? Nick.

Huko chini ni joto na moshi. Najua namba za magari ya watu lakini sijui watu. Nimejifariji kwamba mabwana wengi wa Uingereza nao walifungiwa chini ya ngome zao na bado wakaandikwa kwenye vitabu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nick anamsaidia Madam! Nimemwona kwa macho yangu, nimepanda kwa kisingizio cha kunywa maji. Anabofya simu yake, anatikisa kichwa kama daktari. Amempatia Madam Walter wa nne! Kana kwamba watatu hawakutosha kutuchanganya.

Sikukubali. Nikasema pale pale kwamba Walter wa pili na wa nne ni mtu mmoja. Madam akaniuliza kwa ushahidi gani. Nikamweleza habari za mjomba wangu Jotham, aliyegombana na ndugu zake kwa ajili ya shamba, akahamia Kitale, akajiita Jonathan. Mtu akipotea mahali fulani na mwingine mwenye hasira akatokea mahali pengine, huyo ni yule yule, na kuna kesi ya ardhi katikati. Madam alicheka kwa furaha. Akasema akina Ottlebury walishtakiana kwa ardhi vizazi vitatu mfululizo. Nikamwambia basi hao nawajua, ni watu wetu kabisa.

Ameliandika wazo langu kwenye ukoo. Lakini kwa penseli. Ya Nick ameyaandika kwa kalamu ya wino. Nimeona.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimefanya kazi ya watu wangu mwenyewe. Fanuel, mwana wa Agufana, mwana wa Lugalia, mwana wa... Hapo kwetu pia panya wamekula.

Dawa ilikuwa kumpigia nyanya, mke wa Lugalia, ambaye yuko hai na anakumbuka mpaka rangi ya mbuzi waliokufa zamani. Lakini nyanya hapigiwi hivi hivi. Ukimpigia kwa jambo moja anakurudi kwa mengine yote: kanisani huendi, mama yako hujamsalimia, sauti yako imekonda. Nikaona nisimsumbue mtu mzima.

Badala yake nikamchokoza Nick, ambaye kwao ni mlima wa pili kutoka kwetu. Nilimwomba tu anihadithie wakubwa wa zamani. Akanihadithia Mzee Keverenge. Lo! Mtu huyo! Ardhi kutoka barabarani mpaka mtoni, mikaratusi mlimani, watu walimwamkia wakiwa wamevua kofia. Nilimpenda papo hapo. Nikamwuliza Nick kama mzee huyo ana wajukuu wanaojulikana. Nick akasema wajukuu wa mtu kama yule hawahesabiki.

Basi mmoja zaidi atawadhuru nini? Fanuel wa Agufana wa Lugalia wa Keverenge. Nimelisema mbele ya kioo cha bafuni. Linakaa vizuri mdomoni. Yowasi aligonga mlango akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 12 Novemba

Habari mbili, moja tamu.

Tamu kwanza: Madam amekubali kuja Deira kunisemea! Nilimkuta kwenye maegesho akinitafuta, nikamwambia yote, kwamba bila mzee Fridah ataniponyoka. Macho yalimlowa. Akasema tangu ahamie Dubai hakuna aliyemwalika mahali popote ambapo anahitajika. Atavaa gauni la zambarau. Atakuja na ukoo.

Ya pili: Chama cha Wazawa kimejibu. Mwenyekiti wao anasema, kwa heshima zote, kwamba Bwana Fanuel ameugeuza ukoo juu chini. Anasema Uingereza ya zama zile ardhi ilimfuata binti. Baba alimtoa binti na shamba juu yake, mkwe apate pa kumlishia. Kwa hiyo yaelekea Amabel alikuwa binti wa Roger, na Walter ndiye mkwe. Yaelekea, anasema, maana tundu la panya ni tundu la panya, na angependa kuona mfano mmoja unaofanana nao.

Nimecheka. Nani atatoa binti na bado atoe shamba? Huo ni wizi wa mchana! Mtu akikupa binti na shamba, kimbia. Ama binti ana jambo ama shamba lina kesi. Nilimwambia Madam kwamba mwenyekiti ana kijicho. Yeye akaniuliza kwa upole kama kwetu haijapata kutokea, hata mara moja, ardhi ikatoka kwa wakwe. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema haijapata, tangu dunia iumbwe. Akafuta kidogo hapa, akaandika kidogo pale, akabaki katikati.

Nick amesikia kuhusu Ijumaa. Amenitakia heri. Anaonekana kama mtu mwenye jino bovu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulipanda metro. Madam akaingia behewa la wanawake, nami la kawaida, tukakubaliana tukutane kituo cha Union. Nikashuka Union. Madam hakushuka! Nilimwona dirishani akipita, anaongea na mama mmoja wa Kifilipino, ametoa kalamu. Nikasimama pale na maua yangu ya Karama yakinyauka. Alirudi na treni iliyofuata akiwa na furaha, amekwisha jua babu wa mama yule mpaka kisiwa alichozaliwa. Tukafika kwa Mzee Elphas tumechelewa, nimelowa jasho mpaka kola.

Ofisi imejaa maboksi ya kwenda Mombasa, tepu ya kahawia na mizani kubwa. Fridah alikuwa amesimama karibu na mizani, gauni la samawati, amekaza mikono. Aliponiona alitabasamu kidogo na moyo wangu ukapiga kama mtu anayebisha hodi. Mzee Elphas akaomba dua fupi. Akamkalisha Madam juu ya robota la mablanketi, akamwambia karibu sana, feel at home.

Na Madam akaanza! Akautandaza ukoo juu ya maboksi. Mzee Elphas akavaa miwani. Akauliza huyu alirithi nini, huyu alifukuzwa kwa nini, huyu mbona ana wake watatu. Madam akamjibu kila swali. Wakacheka pamoja. Mzee akasema kumbe Wazungu nao ni watu. Mimi nikawa nakunywa soda, naona mambo yanakwenda, naona harusi.

Kisha Mzee akavua miwani, akanigeukia, akasema sasa kijana, wako.

Nikasimama. Fanuel wa Agufana. Agufana wa Lugalia. Lugalia wa Keverenge, mwenye ardhi kutoka barabarani mpaka mtoni!

Mzee Elphas akaweka tepu chini. Akauliza Keverenge yupi. Nikasema yule wa mlima wenye mikaratusi, yuko mwingine? Fridah akaziba mdomo kwa mkono.

Keverenge wa mikaratusi ndiye baba wa nyanya yake Fridah, mzaa mama.

Kwetu hilo halina mjadala. Katika ukoo wa baba huoi. Katika ukoo wa mama huoi. Hata ukoo wa nyanya hauguswi, ni damu moja, watoto watazaliwa na mkosi. Mzee Elphas alisikitika kweli, niliona. Akasema anampenda kijana huyu, lakini khalas, basi, wanangu, mtakuwa ndugu wazuri. Ndugu! Fridah alinitazama kama ninayezama naye yuko ufukoni bila kamba.

Nikikaa kimya, namkosa Fridah. Nikisema kweli, mimi ni mwongo mbele ya baba yake mdogo, na namkosa vile vile. Nilitafuta njia ya tatu. Nilitazama mpaka ndani ya soda. Haikuwepo.

Madam akauliza kuna nini, nani kafa. Fridah akamtafsiria, sauti ikimkatika. Madam akanyoosha mgongo. Akaniuliza: umejuaje kuwa Keverenge ni babu yako? Nikasema inajulikana. Inajulikana na nani? Na watu. Watu gani, walimwona? Nilianza kumwogopa. Akamgeukia Mzee Elphas, akamwambia kwamba yeye aliwahi kumwoza mtu kwa shangazi yake mwenyewe, kwenye karatasi, kwa kuamini jina. Akasema jina si mtu, mpaka apatikane aliyemjua mtu huyo. Akauliza kama yupo aliye hai aliyemjua baba wa Lugalia.

Nikasema hayupo. Fridah akasema yupo, nyanya yake Fanuel, na namba anayo. Tangu lini Fridah ana namba ya nyanya? Wanasalimiana kila Jumapili! Sikujua.

Mzee Elphas akapiga, akaweka sauti kubwa.

Nyanya aliuliza kwanza nani amekufa. Akaambiwa hakuna. Akauliza kama ninakula. Akaambiwa nakula. Akaulizwa kuhusu Keverenge. Akacheka! Alicheka mpaka Mzee akaitikisa simu akidhani laini imeharibika. Akasema Keverenge gani, sisi hata mbwa wetu hakuthubutu kupita mlangoni kwa Keverenge. Baba mkwe wake aliitwa Endovo. Alikuja na jembe moja na kikohozi, hakuna aliyejua anakotoka. Hakuwa na kuku, sembuse ng'ombe. Mzee mmoja aliyeitwa Chavasu alikuwa na mabinti watupu. Akamwona Endovo ni mchapa kazi, akampa binti, na kwa kuwa hakuwa na pa kumweka, akampa na kipande cha ardhi kule bondeni, kwenye majimaji. Ndiyo sababu mpaka leo mvua ikinyesha jikoni kwetu kunaogelewa. Kisha akauliza ni mjinga gani huyo aliyesema Keverenge. Mzee Elphas akamwambia ni mjukuu wako, yuko hapa, anakusikia.

Sitaandika alichosema nyanya baada ya hapo.

Nilitaka boksi moja linifunike, lifungwe tepu, litumwe Mombasa. Lakini Fridah alikuwa bado anamtafsiria Madam, na Madam ghafla akaruka kutoka kwenye mablanketi. Alimpa binti na ardhi! Aliyepokea ndiye mkwe! Akatoa kalamu ya wino, akapiga mstari mnene kutoka kwa Amabel mpaka kwa Roger. Akasema huo ndio mfano ambao mwenyekiti aliuomba. Alikuwa akilia na kucheka, anamshika Mzee Elphas mkono, anamshika Fridah, akanishika hata mimi. Bado ni mzawa wa Ottlebury, kupitia binti, na sasa ana uhakika wake.

Mzee Elphas hakucheka. Akasema kijana asiye na ardhi hamsumbui, hata yeye alifika Deira na mkoba. Anayemsumbua ni kijana anayemwonea haya Endovo. Mtu aliyepewa binti kwa sababu ya kazi ya mikono yake, unamficha kwa ajili ya mwenye mikaratusi? Nilitazama sakafu. Nikasema nisamehe, Mzee. Nilikuwa namaanisha. Naye akasema basi, ninyi si ndugu, hilo limethibitishwa na nyanya mwenyewe. Atabeba jina langu nyumbani, pamoja na Endovo na kikohozi chake, na habari za Keverenge zitabaki hapa kwenye maboksi. Kwa sharti moja: nitakachosema nyumbani Desemba, mbele ya wazee wa Fridah, kiwe kile nyanya anachosema, wala zaidi.

Nikaapa. Madam akapiga makofi.

Fridah hakunisemesha mpaka tulipofika njia ya kituo. Halafu akasema Endovo ni jina zuri. Akasema angenichukua na Endovo tangu siku ya kwanza, tena angemwita mtoto wetu hivyo. Nilimpa yale maua yaliyonyauka na akayapokea.

Jumapili, 16 Novemba

Mzee Elphas amepaa leo. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na kubeba mizigo yake yote ili anikumbuke kwa mikono.

Nimemkabili Nick kuhusu Keverenge. Amesema alidhani nataka hadithi, hakujua nataka babu. Sijui nimwamini. Lakini Madam amezungumza na Sir Raed na kesho narudi mapokezini, Nick anakwenda chini kwenye magari, kwa hiyo nimemsamehe kabisa.

Mwenyekiti wa Chama amemwandikia Madam barua ndefu. Amabel sasa ni binti wa Roger kwa wino. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, wamemshukuru bibi mmoja wa Vihiga, Kenya. Mimi sikutajwa. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Jumatano, 19 Novemba

Wamekubali! Baba yake Fridah amepiga simu mwenyewe. Niende Desemba na wazee wangu, nikae, nitaje watu wangu, kisha mambo ya ng'ombe yaanze. Sir Raed ametia saini likizo. Nimemkumbatia mleta piza.

Fridah amenikumbusha: kile nyanya anachosema, wala zaidi. Nimemwahidi tena. Nami ni mtu wa ahadi.

Ila nimekaa nikafikiri. Fanuel, Agufana, Lugalia, Endovo. Basi? Wazee wa upande wao hutaja mpaka wa saba bila kupumua, nami nitakaa chini kabla hata hawajamaliza kukohoa. Ni aibu kwa Fridah, si kwangu. Na nyanya alisema nini hasa? Alisema hakuna aliyejua Endovo anakotoka. Sasa, mtu ambaye haijulikani anakotoka, anaweza kutoka popote. Huo si uongo. Madam mwenyewe angeweka alama ya kuuliza na kuendelea mbele.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua babu wa karibu. Safari hii nimekuwa mwerevu. Yowasi amenihadithia babu yake wa Mbale, Mzee Wandeba, aliyekuwa na ng'ombe mpaka juu mlimani na mijeledi ya kuwachungia iliyoning'inizwa ukutani kwa mstari. Babu wa nje ya nchi! Mzee gani wa Vihiga atamjua? Nilimwomba Yowasi ruhusa ya kumtumia kidogo, naye akaitikia kwa kichwa, ingawa nadhani alikuwa amesinzia.

Endovo wa Wandeba. Linakaa vizuri mdomoni.

Fridah amepiga tena wakati nikikariri. Ana furaha isiyo na mfano. Anasema Desemba watakuja watu wote, hata wale ndugu wa babu yake mzaa mama, wazee waliovuka mpaka zamani kutoka Mbale, je, aliwahi kunihadithia? Wanapenda sana mambo ya ukoo. Nikamwambia waje, waje wote, nafasi ipo. Mbale ni kubwa.